Kimya cha Kijani

Jumapili iliyopita tulikwenda Kaloleni kumwona Mzee Karisa. Shangazi Mishi alibeba mahamri ndani ya ndoo ya plastiki, mimi nikabeba ulimi wangu, ambao kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mzee Karisa hasemi tena. Upande wake wa kulia umelala, na maneno yamelala pamoja nao. Siku sauti yake ilipokatika mimi nilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwake, nimekaa mbele ya kompyuta niliyoipa kazi moja tu, kusikiliza. Hatua hizo nimezihesabu baadaye, mara nyingi kuliko inavyofaa. Basi kabla sijafika Jumapili sina budi kurudi kwenye mwaka ule wa kidato cha tatu nilioukaa Likoni, mtaa wa Shika Adabu. Wazazi wangu ni nani na kwa nini nilipelekwa kwa shangazi, hayo nayaruka, hayakuvunja kitu. Na kama unataka kunichekesha kuhusu mtoto mtundu kupelekwa Shika Adabu, umechelewa. Mzaha huo niliutunga mwenyewe siku ya kwanza, nikaurudia hadi Babu Mwinyi akaapa kunitupa kivukoni.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili kamili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye jiko, kamba ya nguo na tangi la maji. Chumba cha kwanza kulia kilikuwa cha Babu Mwinyi, mkwewe shangazi na mwenye nyumba, mzee ambaye miguu ilikuwa imemgomea lakini mdomo ulikuwa bado kazini, tena kwa zamu mbili. Kilichofuata kilikuwa cha dada yake, Bi Tatu, mwembamba kama ufito, mwenye bakora na macho ya kukufanya ukumbuke dhambi ulizosahau. Na chumba cha mwisho kushoto, kinachopakana na ua, kilikuwa cha Mzee Karisa, mpangaji. Aliingia humo kijana, kabla shangazi hajaolewa, akafiwa na mke humo humo, akazeeka humo, na bado alikuwa akivua viatu kwenye kizingiti cha ukumbi kama mtu aliyepita kusalimia. Wenye nyumba walikuwa Waislamu, yeye Mgiriama wa kanisani. Mwezi wa Ramadhani alikunywa chai yake kwa kujificha, mlango umefungwa, ingawa Babu Mwinyi alimpigia kelele kila mwaka, "Karisa, kunywa chai yako bwana, mfungaji ni mimi, si wewe!" Naye kila mwaka alijibu, "Si neno, Mwinyi. Si neno." Maneno hayo mawili alikuwa nayo mengi kuliko nguo.

Kila siku ya Mungu, saa nne asubuhi, shangazi aliacha karai lake la viazi na kupita mlango hata mlango. Hakuingia. Alisimama nje ya pazia akasema, "Hodi." Ndani ikatoka, "Karibu, mama." "Umeamkaje?" "Salama." Basi, akarudi jikoni. Sauti tu ndiyo aliyoitaka, kama mtu agongaye nazi kusikia kama ina maji. Lakini shangazi alikuwa akipika viazi karai na bajia za kuuza shuleni, na Babu Mwinyi alikuwa na desturi ya kumwita mafuta yanapochemka. Siku moja aliitwa mara tano, mara ya tano ilikuwa kuulizwa leo siku gani, na aliporudi akakuta sufuria nzima imekuwa makaa. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akalia kimya kimya, mikono ina unga. Mimi nikasema, "Shangazi, nitakutengenezea kitu." Ninapofikiria, sijawahi kusema sentensi ya hatari kuliko hiyo, na mimi nimeshasema nyingi.

Nilikuwa na kompyuta kuukuu niliyopewa na binamu yangu wa chuo cha ufundi, pamoja na bunda la karatasi zake za masomo ya mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu mama inayozitawala nyingine zote. Nikaiweka ukumbini, juu ya meza ya cherehani. Nikavuta nyaya tatu kutoka vyumba vitatu, kila waya na kitufe chake cha kengele upande mmoja, na upande wa pili na tundu lake nyuma ya kompyuta. Ukibonyeza, herufi moja inasafiri: M kwa Mwinyi, T kwa Tatu, K kwa Karisa. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga kama mwenyewe. Ilikwenda mlangoni kwa Babu Mwinyi, ikauliza, "Una neno?" halafu ikasimama pale pale kungoja jibu. Asipobonyeza, haiondoki. Nikabonyeza cha Bi Tatu, kimya. Nikabonyeza cha Mzee Karisa, kimya. Programu ilikuwa imegandia mlango wa kwanza kama mposaji.

Jioni hiyo tulikula uani, sima na mchunga, mboga chungu ambayo shangazi aliipika kwa ajili ya Mzee Karisa na sisi wengine tukaitafuna kwa uso wa kwenda kuzika. Nikalalamika. Mzee Karisa akanawa mkono taratibu, akasema, "Mwanangu, mimi kazi hiyo nimeifanya." Ndipo nilipojua kwamba ujana wake wote alikuwa opareta wa simu katika kampuni moja ya meli, anakaa mbele ya ubao wenye matundu arobaini, kila tundu na kitaa chake.

"Ukimngoja mmoja, thelathini na tisa wanakufa mkononi mwako," akasema. "Huendi kuwauliza. Unatulia, macho kwa wote. Atakayewaka, huyo ndiye unayemchomekea."

"Na wakiwaka wawili?"

"Unawapokea wote wawili, kwa zamu. Huyu dakika, yule dakika."

"Na asiyewaka kabisa?"

Akanitazama kidogo. "Huyo ndiye wa kumwogopa. Kila alfajiri, kabla ya kazi, nilizipitia laini zote arobaini, moja moja, hata za watu wasiopiga mwaka mzima. Hizo hasa. Laini iliyonyamaza na laini iliyokufa, ukizitazama, sura ni moja."

Babu Mwinyi akadakia, "Kama wewe Karisa. Wallahi siku ukifa tutajua kwa harufu!" Tukacheka. Mzee Karisa alicheka kuliko wote, meno yake machache yakang'aa kwenye taa ya jiko. Kicheko hicho ninacho mpaka leo, na sijui nikiweke wapi.

Usiku huo nikasoma zile karatasi za binamu na, kumbe, mambo ya opareta yalikuwemo. Kuna amri inayoitwa select. Unaupa mfumo orodha ya njia unazotaka kuzichunga, kwangu zile nyaya tatu, halafu programu yako inalala. Herufi ikiingia kwenye njia yoyote, mfumo unaiamsha na kuirudishia orodha. Ila hapo pana mtego, na nitauweka wazi sasa, maana mimi nilipata miezi mitatu ya kuuona na sikuuona. Orodha hairudi kama ilivyokwenda. Inarudi na majina ya waliosema tu. Wanyamavu wamefutwa. Kabla ya kulala tena, programu inatakiwa iijaze orodha upya, wote, na wale wasiosema pia. Usipoijaza, unaupa mfumo ile ile iliyopungua, na tangu hapo utawasikia wapiga kelele peke yao. Ukurasa unaosema hivyo nilikuwa nao. Ulikuwa na doa la chai. Nilipitisha macho nikauruka, kwa sababu nilikuwa na haraka ya jambo muhimu zaidi, yaani kurekodi sauti yangu.

Maana kengele ya kawaida ningeitaka ya nini? Niliirekodia kompyuta majibu kwa sauti yangu, abee tatu tofauti. Babu Mwinyi akibonyeza, spika inasema, "Abeee, sultani wa Shika Adabu!" Bi Tatu, "Abee, bibi, sijafanya mimi!" Mzee Karisa sikuthubutu kumfanyia mzaha. Yake ilikuwa fupi, "Abee, mzee." Kila niliporekodi moja niliizima programu, nikaiwasha upya, nikabonyeza kitufe hicho kimoja kujaribu. Na kila ikiwashwa upya orodha huwa kamili, kwa hiyo kila jaribio lilifaulu. Nikaongeza na skrini: mistari mitatu, majina matatu, na pembeni neno KIMYA kwa rangi ya kijani. Akiita mtu, linageuka jekundu. Kijani nilikichagua mwenyewe. Kimya si ni salama?

Nyumba nzima ilifurahi. Wageni walioletwa na shangazi walioneshwa kompyuta kabla ya kuoneshwa pa kukaa. Babu Mwinyi alibonyeza kama mtoto aliyepewa ngoma: sultani alitaka maji, sultani alitaka mto, sultani alitaka kujua kama kengele inafanya kazi. Bi Tatu aliapa hatakigusa kitufe chake hata roho ikimtoka. "Mie simwiti mwana wa mtu kwa kengele, kama ng'ombe," akasema, akaendelea kutoka mwenyewe na bakora yake. Na Mzee Karisa alikining'iniza chake kwenye msumari juu ya kitanda, akakipangusa vumbi, akasema ni kizuri sana, na hakukibonyeza. Kwa hiyo kwa wiki nyingi aliyesikika alikuwa Babu Mwinyi peke yake, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu tangu zamani aliyesikika alikuwa Babu Mwinyi peke yake. Kila stima ilipopotea na kurudi, programu ilianza upya ikiwasikia watatu. Halafu sultani alibonyeza mara ya kwanza, na wawili wakafutika. Skrini iliendelea kuandika KIMYA, kijani, mbele ya majina ambayo haikuwa ikiyasikiliza tena.

Lakini baya kuliko hilo lilitokea polepole, hata sikuliona likitokea. Shangazi aliacha kupita saa nne. Kwanza aliruka siku moja moja. Halafu ikawa anatoka jikoni, anachungulia ukumbini, anatazama skrini kwa mbali huku anapangusa mikono kwa kanga, "Alhamdulillah, wote kijani," na anarudi kwenye karai. Hodi zikaisha mle ndani. Mimi nilijivuna. Niliandika insha ya shule kuhusu jambo hilo, nikapigiwa makofi.

Jumatano moja, kwenye wali wa nazi na samaki wa kupaka, Mzee Karisa akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Jana mchana niliita kidogo. Kichwa kilizunguka. Nikabonyeza mara tatu, nikajua mko kwenye swala. Si neno, kilitulia chenyewe."

Mara tatu. Yeyote aliyelelewa pwani anajua, hodi ni tatu. Ukibisha tatu na hujajibiwa, wenyewe hawana nafasi, unarudi ulikotoka bila kinyongo. Ya nne ni utovu wa adabu. Mzee Karisa aliilinda sheria hiyo kuliko sisi tuliomfundisha.

Nikamwambia, "Mzee, umebonyeza kitovu chako, si kitufe!"

Babu Mwinyi alikohoa kwa kicheko mpaka akapigwa mgongoni. Shangazi akasema, "Siti, hebu kakitazame," nami nikasema, "Kesho, inshallah." Ile inshallah ya kutupia tu, mnaijua. Alhamisi nilikuwa na mtihani wa hesabu. Ijumaa sikumbuki nilikuwa na nini, nimejaribu sana kukumbuka.

Jumamosi nilikuwa nyumbani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekwisha, ua unatoa mvuke, shangazi anakaanga, na mimi ukumbini narekodi abee mpya ya Babu Mwinyi, kwa sauti ya tarumbeta. Nilikuwa sijaigusa programu tangu Jumatatu, wala stima haikuwa imepotea. Babu aliita mara nne, nikamjibu mara nne. Kati ya mwito wa pili na wa tatu nilisikia kitu kama kikombe kikianguka upande wa uani. Nikatazama skrini. Karisa, KIMYA, kijani. Nikarudi kwenye tarumbeta yangu. Sikiliza vizuri ninachokuambia: masikio yangu mawili yalisikia, na nikaiuliza kompyuta kama yamesikia kweli.

Adhana ya adhuhuri ilipolia Bi Tatu alipita mbele yangu na bakora, mkononi bakuli la uji alioufunika kwa kisahani. Alikuwa na tabia ya kumpelekea Mzee Karisa kitu siku za mvua. "Hodi," nikamsikia. Kimya. "Hodi, Karisa." Kimya. Ya tatu sikuisikia, kwa sababu Bi Tatu, mwalimu wetu wa adabu, hakubisha ya tatu. Alisukuma mlango kwa bakora. Halafu bakuli likavunjika, na akaniita kwa jina langu lote, hadi la babu.

Mzee Karisa alikuwa sakafuni ubavuni mwa kitanda, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Kitufe kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, waya umenyooka hadi ukutani. Alinitazama. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Alikuwa na uso ule ule wa "si neno." Vijana wa jirani walimbeba hadi kwenye tuktuk, shangazi akaenda naye akiwa bado na unga mikononi. Hospitalini, daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu neno "mapema" mara mbili, moja mwanzoni mwa sentensi na moja mwishoni.

Mimi nilibaki ukumbini na ile mashine. Sikuizima. Nilifungua dirisha la pili kwenye skrini nikaandika amri ya kusoma waya wa Mzee Karisa moja kwa moja, bila kupitia programu yangu. Maana herufi isiyosomwa haipotei. Mfumo huiweka kwenye foleni ya waya wake, ikimngoja mwenye kuuliza. Zikatoka zote kwa pamoja, mstari mmoja, KKKKKK. Sita. Nikazitazama mpaka macho yakawa na maji. Tatu za Jumanne, kichwa kilipozunguka. Na tatu za asubuhi hiyo. Mtu ameanguka, nusu ya mwili imemwacha, mkono mmoja unafanya kazi na kitufe kimo ndani yake, kwake kumebaki hodi tu. Akabisha tatu. Akangoja.

Shangazi alisema ni kadari ya Mungu, nami nikamwacha aseme. Nilimwambia Babu Mwinyi peke yake, wiki ya pili, nikiwa nimekaa chini karibu na kitanda chake. Nilimweleza orodha, na inavyorudi na wasemaji tu. Nilidhani hataelewa. Alikiweka kando kitufe chake, yeye, sultani, kisha akasema, "Basi kelele zangu ndizo zilizomfuta mwenzangu."

"Hapana babu, kosa ni langu, mimi ndiye sikuijaza."

"Wewe hukuijaza, mimi n'liifuta. Tugawane, mjukuu wangu, mzigo mmoja huubebi peke yako." Tangu siku hiyo hakukigusa tena kitufe. Mtoto wa Mzee Karisa alikuja kumchukua baba yake ampeleke kwao Kaloleni, akakuta viatu vya mzee vimepangwa kwenye kizingiti cha ukumbi, vinatazama nje. Nilichomoa nyaya zote tatu. Shangazi alirudi kupita saa nne, na mimi, siku ambazo sikuwa na shule, nilipita nyuma yake nikabisha tena, mpaka Bi Tatu akaniuliza kama nimekuwa mwizi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo ulimini Jumapili. Mzee Karisa alikuwa kitandani chini ya dirisha, ameoshwa, shati limefungwa mpaka kishikizo cha juu. Shangazi alimlisha mahamri yaliyolowekwa chaini, akamsimulia Likoni nzima, nani kaolewa, nani kaachwa. Alipotoka kusalimia wenyeji nikavuta kigoda.

"Mzee," nikasema. "Jumamosi ile hatukuwa kwenye swala. Na ile Jumanne pia. Uliita, na mashine yangu ilikuwa imekufuta. Zilikuwa sita, nimezisoma. Nilikuwa ukumbini."

Alinitazama. Sikuona kama ameelewa, sikuona kama hakuelewa. Nje mtu alikuwa akitwanga, kinu kikipiga, kikinyamaza, kikipiga. Nikasubiri anichukie kwa namna yoyote atakayoiweza. Kisha mkono wa kushoto ukasogea juu ya shuka, polepole, mpaka ukaufikia mkono wangu, na kidole kimoja kikainuka na kugonga kiganjani, mara moja, kwa adabu.

Sikungoja ya pili.

"Abee, mzee," nikasema. "Abee."